Suti na Tamaa ya Cheo: Vijana wa Taaluma na Mavazi ya Miaka ya 1980

Aghalabu husemwa kwamba mtindo wa mavazi huanzia kwa mbunifu, kisha ukafuatwa na wanunuzi. Historia ya miji mikubwa ya Marekani yaonyesha kwamba mara nyingine haja ya tabaka hutangulia, na mbunifu huifuata.

Tabaka lenyewe lilikuwa la wanasheria, wahasibu na madalali wa hisa ambao bado walikuwa vijana. Waliitwa "yuppie", neno lililoundwa kutokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtaalamu kijana wa mjini. Lilichapishwa katika jarida la Chicago mwaka 1980, na mwishoni mwa 1984 jarida la Newsweek likautangaza mwaka huo kuwa wao. Kama "wabenzi" wa Afrika ya Mashariki, neno hilo lilibeba kejeli. Tofauti ni kwamba mbenzi alipewa jina la gari lake, ilhali yuppie alipewa la umri na kazi yake, kisha mali ikaja kulijaza maana.

Msingi wa mavazi yao ulikwisha kuwekwa. Mwaka 1975 John T. Molloy alitoa kitabu Dress for Success, akafundisha kwamba suti si pambo bali ni chombo cha kupandia cheo. Mwaka 1977 aliwaandikia wanawake, akiwahimiza wavae koti na sketi. Wanawake hao walikuwa wakiingia katika ofisi ambamo mamlaka hayakuwa na vazi la kike. Hivyo wakaazima koti la mwanamume, na mabega yake yakazidi kupanuliwa kwa pedi.

Wakati huo huo, Giorgio Armani alikuwa akililegeza koti la wanaume kwa kupunguza bitana na pedi. Filamu American Gigolo ya 1980 ililitangaza sana. Basi koti la mwanamume lililegea kadiri la mwanamke lilivyokazwa: aliyekuwa na mamlaka tayari hakuhitaji kuyatangaza mabegani.

Ushahidi mwingine ulikuwa miguuni. Mwezi wa Aprili 1980 wafanyakazi wa mabasi na treni za New York waligoma kwa siku 11. Wanawake wengi wakaenda kazini kwa miguu, wamevaa suti na raba, viatu vya kisigino vikiwa mkobani. Mgomo ulikwisha, desturi ikabaki. Kiatu cha cheo kilivaliwa pale tu penye macho ya mkubwa.

Tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha hisa cha Dow Jones kilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, na fahari ya yuppie ikageuka dhihaka. Katika miaka ya 1990 pedi zilipungua, na ofisi nyingi zikaruhusu mavazi mepesi siku ya Ijumaa. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri makalio. Koti la kuazima liliwafungulia wanawake mlango wa ofisi, lakini kipimo cha heshima humo ndani kilibaki kile cha aliyeazimwa.