Kufuli la Prosesa: Kutoka Fuwele hadi Herufi K

Prosesa ya kompyuta ya mezani hufuata mapigo yanayohesabiwa kwa megahezi, yaani mamilioni ya mapigo kwa sekunde, na kasi yake hupatikana kwa kuchukua kasi ya basi, ambayo ni njia ya mawasiliano kati ya prosesa na sehemu nyingine za ubao mama, na kuizidisha kwa namba iitwayo kizidishi. Anayetaka kuiendesha prosesa kupita kiwango cha kiwandani hana budi kuibadili mojawapo ya namba hizo.

IBM ilipotoa kompyuta ya PC AT mwaka 1984 ikiwa na prosesa ya Intel 80286 ya megahezi 6, watumiaji waling'oa fuwele ya kwatzi inayotoa mapigo na kuweka yenye kasi zaidi. IBM ikajibu kwa kuweka katika matoleo ya baadaye ukaguzi uliozuia mashine iliyoharakishwa isiwake. Katika miaka ya 1990 Intel ilikwenda mbali zaidi, ikakifunga kizidishi ndani ya prosesa yenyewe, na ni haki kukiri kwamba ilikuwa na sababu, kwa kuwa wafanyabiashara walaghai walikuwa wakifuta maandishi ya prosesa za bei nafuu, wakachapa kasi kubwa na kuziuza kwa bei ya juu.

Kufuli hilo, hata hivyo, liliacha basi wazi. Prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A, ya mwaka 1998, ilikuwa na kizidishi cha 4.5 na basi la megahezi 66, hivyo aliyepandisha basi hadi 100 alipata megahezi 450, sawa na Pentium II iliyotangazwa mwaka huohuo kwa dola 669, ilhali Celeron ilikuwa dola 149.

Mbinu ya kupendeza kuliko zote ilikuja na prosesa za kampuni ya AMD za mwaka 2000, Athlon na Duron za soketi A, ambazo juu ya uso wake zilikuwa na safu ya nukta ndogo za metali, maarufu kama madaraja ya L1, yaliyokatwa ili kukifunga kizidishi. Kwa kuwa risasi ya penseli ni grafiti, na grafiti hupitisha umeme, mistari michache iliyochorwa kwa uangalifu ilitosha kuyaunganisha, mradi mstari mmoja usiguse wa jirani. Ujuzi huo ulidai tahadhari: kasi kubwa mara nyingi ilihitaji volti zaidi, na joto hukua kwa kipeo cha pili cha volti, huku prosesa hizo zikiwa hazina kinga ya ndani ya kujizima zinapochemka. Madaraja ya Athlon XP ya mwaka 2001 yalikatwa kwa leza iliyoacha vishimo, penseli ikashindwa, na mafundi wakalazimika kuvijaza gundi kabla ya kupaka rangi inayopitisha umeme.

Baadaye watengenezaji waliamua kuuza kile walichokuwa wakikizuia. Mwaka 2011 Core i5-2500 iliorodheshwa na Intel kwa dola 205, na 2500K, ambayo tofauti yake kuu ilikuwa kizidishi kilicho wazi, kwa dola 216.