Kiwanja ni cha nani? Historia ya shabiki, mdhamini na lango la kuingilia

Wiki iliyopita, katika kipindi chetu cha michezo, msikilizaji mmoja wa Kalundu alituma ujumbe wa sauti. Aliuliza: "Kaka mwandishi, ni kweli kule kwenye viwanja vikubwa mtu anaweza kufukuzwa kwa sababu ya nguo aliyovaa? Hata kwa chupa ya kinywaji?" Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, nikamwahidi kwamba nitajibu kwa maandishi.

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu linatupeleka nyuma zaidi ya miaka hamsini, na linatugusa sisi Wakongomani toka mwanzo.

Mwezi wa Juni 1974, Léopards wa Zaire walikwenda Ujerumani ya Magharibi. Ndiyo ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wazee wetu bado wanakumbuka kwa uchungu yale mabao 9-0 ya Yugoslavia. Lakini kuna jambo lingine lililotokea siku hizo hizo, ambalo wengi hawakuliona. Tarehe 11 Juni, mjini Frankfurt, FIFA ilimchagua João Havelange wa Brazili kuwa rais wake. Alikuwa ametembea Afrika akiomba kura, akiahidi nafasi zaidi kwa timu zetu, mashindano ya vijana na mafunzo. Ahadi hizo zilihitaji pesa nyingi, na FIFA ya wakati ule haikuwa nazo.

Pesa zikatoka kwa makampuni. Coca-Cola iliingia, na Adidas ikasaidia kufungua milango. Mwaka 1977 mashindano ya kwanza ya dunia ya vijana yalichezwa Tunisia, na kombe lenyewe likabeba jina la Coca-Cola. Tusidanganyane: pesa hizo zilileta mema. Afrika ilikuwa na nafasi moja tu mwaka 1974, leo ina nafasi tisa. Lakini kampuni inayolipa sana inataka kitu kimoja: ionekane peke yake, mshindani wake asionekane kabisa. Na kiwanjani kitu kinachoonekana zaidi, ukiacha mpira na wachezaji, ni watu waliokaa kwenye ngazi.

Mwaka ule ule, Kinshasa ilituonyesha sura nyingine ya jambo hili. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana katika kiwanja cha 20 Mai, ambacho leo kinaitwa Tata Raphaël. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na Zaire ya Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya pesa hizo. Pambano lilianza saa kumi za alfajiri. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu Marekani ilikuwa bado usiku wa jana yake, na waliolipa kutazama kwenye skrini walikuwa kule. Maelfu ya watu wa Kinshasa walikesha ili kupigana na saa ya mtu mwingine. Juu ya kiwanja ilining'inia picha kubwa mno ya Mobutu. Mdhamini wa usiku ule alikuwa serikali, na tangazo lilikuwa uso wa rais.

Toka hapo, kamba ikaendelea kukazwa. Mwaka 2003 Kombe la Dunia la kriketi lilichezwa Afrika ya Kusini, na mechi nyingine Zimbabwe na Kenya. Mdhamini mmojawapo alikuwa Pepsi. Katika kiwanja cha Centurion, mtazamaji mmoja alitolewa nje kwa sababu alifungua kopo la Coca-Cola. Alikuwa amelipa tiketi yake na hakumpiga mtu.

Mwaka 2006, Ujerumani, Uholanzi ilicheza na Côte d'Ivoire mjini Stuttgart. Mashabiki wengi wa Uholanzi walifika wamevaa suruali za rangi ya machungwa zenye jina la Bavaria, kampuni ya bia ya kwao. Bia ya mashindano ilikuwa Budweiser. Langoni wakaambiwa wavue. Wakavua, na wengi wao walitazama mechi wakiwa na chupi.

Halafu ikaja zamu ya bara letu. Tarehe 14 Juni 2010, pale Soccer City, Johannesburg, wanawake 36 walitolewa katikati ya mechi ya Uholanzi na Denmark. Walikuwa wamevaa nguo fupi za rangi ya machungwa. Safari hii jina la bia halikuandikwa wazi, lakini nguo zile zilitoka kwa kampuni ile ile. Wawili walikamatwa na kushitakiwa chini ya sheria ya nchi, ingawa baadaye kesi ilifutwa. Ni kweli, kampuni ilikuwa imepanga ujanja wake. Lakini polisi walikamata watazamaji.

Nje ya viwanja vile vile, wachuuzi wa Afrika ya Kusini walikatazwa kuuza karibu na malango. Mama aliyezoea kuuza chakula siku za mechi alikuta mstari umechorwa, ndani yake bidhaa za wadhamini peke yake.

Brazili waliona hayo, wakajifunza. Mjini Salvador kuna wanawake wanaouza acarajé, maandazi ya kunde yanayokaangwa kwa mawese, chakula kilichovuka bahari na watumwa kutoka Afrika ya Magharibi. Walipoogopa kufukuzwa kwenye kiwanja cha Fonte Nova, hawakunyamaza. Waliandamana wakiwa na nguo zao nyeupe, wakakusanya sahihi, wakafikisha malalamiko kwa wakubwa. Mwaka 2013, kabla ya Kombe la Mabara, walipewa nafasi ya kuuza pale. Lakini nchi hiyo hiyo ilikuwa imepiga marufuku pombe viwanjani ili kupunguza ugomvi, na mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria maalumu iliyofungua njia ya kuuza bia wakati wa Kombe la Dunia. Mama wa maandazi alipigania nafasi yake kwa miguu. Bia ilipata sheria.

Na msifikiri mdhamini hashindwi kamwe. Huko Qatar, tarehe 18 Novemba 2022, siku mbili kabla ya mechi ya kwanza, wenyeji walikataza bia kuuzwa kwenye viwanja, na Budweiser ikabaki na mzigo wake. Maana yake, mwenye nyumba akiamua, kanuni inabadilika.

Hapa niseme jambo moja ili tusichanganye. Si kila kanuni ya langoni ni ya biashara. Zipo zinazolinda roho za watu. Januari 2022, kwenye kiwanja cha Olembe, Yaoundé, watu 8 walikufa katika msongamano langoni wakati wa Kombe la Afrika. Oktoba mwaka ule, watu 11 walikufa Kinshasa kwenye tamasha la muziki katika kiwanja cha Martyrs. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, ambako vijana wetu walifungwa na Kenya 1-0 pale Kasarani, watu walivunja ulinzi na kuingia kwa nguvu. CAF ikapunguza watazamaji hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia, kwa tiketi za elektroniki tu. Wengi walikasirika. Lakini kanuni kama hiyo inataka urudi nyumbani mzima. Ile ya kopo la kinywaji inalinda mkataba wa mtu. Zote mbili zinasomwa kwenye lango moja, na askari mmoja, kwa sauti moja. Ndiyo maana shabiki hajui ni ipi aiheshimu na ipi aiulizie.

Kuna aina ya tatu, na hii ndiyo inatuuma sisi wa Kivu. Kanuni za mashindano makubwa zinakataza mabango yenye ujumbe wa kisiasa. Sababu yao ni kwamba kiwanja kisigeuke mahali pa ugomvi. Lakini mtu ambaye kijiji chake kimechomwa, kilio chake kinaitwa siasa au kinaitwa habari?

Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walijibu swali hilo. Wimbo wa taifa ulipopigwa, walifunika midomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakauelekeza kichwani kama bunduki. Kamera zilikuwa pale kwa ajili ya wimbo, haziwezi kukimbia. Tulifungwa 1-0, lakini dunia iliuliza kuna nini mashariki ya Kongo.

Halafu Moroko. Desemba 2025 mji wetu wa Uvira ulikuwa umeingiliwa na M23, na wengi wenu mlikuwa mmevuka kwenda Burundi na mabulangeti kichwani. Wakati huo huo, kwenye Kombe la Afrika, shabiki wetu Michel Kuka Mboladinga alisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono mmoja juu, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba. Hakubeba bango, hakutaja chama. Katika orodha za vitu vilivyokatazwa ambazo nimezisoma, sikuona mahali palipoandikwa kwamba kusimama wima na kunyamaza ni kosa. Tulitolewa na Algeria mwanzoni mwa Januari 2026, katika muda wa nyongeza, lakini picha yake ilikuwa imeshazunguka dunia.

Ninapoandika neno kiwanja, najua baadhi yenu mnafikiria kingine. Februari 2025, maelfu ya watu wetu waliovuka Ruzizi walilala katika kiwanja cha Rugombo, Cibitoke, juani na mvuani. Hapo hapakuwa na tiketi wala mdhamini. Watoto walilala kwenye majani ambayo kawaida watu hupigania mpira.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kalundu, jambo hili haliko mbali na sisi. Miaka michache iliyopita, kwenye mashindano ya mitaa hapa hapa Uvira, kampuni moja ilileta jezi, mipira na mabango. Tulifurahi sana. Asubuhi ya fainali, vijana wenye fulana zake waliwaambia mama waliouza karanga, maandazi na maji ya mifuko wahamie ng'ambo ya barabara. Mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, hiki kiwanja huwa tunakifagia sisi. Kimeuzwa lini?" Sikuwa na jibu.

Sasa watu wanarudi nyumbani, na mashindano ya amani yanaanza kutajwa mtaani. Wadhamini watakuja, na tunawahitaji, kwa sababu mpira unanunuliwa na jezi hazioti shambani. Lakini wale watakaotia sahihi kwa niaba ya vijana waulize mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mama wauzaji watakaa wapi? Kanuni gani ni ya usalama, na gani ni ya kampuni? Na mtoto aliyerudi kutoka Musenyi au Busuma bila hata faranga moja, ataingia vipi?

Yule mama bado anauza karanga pale pale. Nitampelekea jibu hili nikimkuta.