Mfenesi
Mfenesi (*Artocarpus heterophyllus*) ni mti wa familia ya mforsadi, usiopukutisha majani, wenye asili ya misitu ya Ghats Magharibi nchini India. Matunda yake, mafenesi, huota kwenye shina na matawi manene. Moja laweza kuzidi kilo 30. Ndani ya ganda lenye vinundu mna nyama za manjano, tamu, zenye harufu kali isiyompendeza kila mtu. Utomvu wake hunata mno, ndiyo maana mpasuaji hupaka mafuta ya kupikia mikononi na kisuni. Mbegu huliwa zikishachemshwa au kuchomwa. Afrika Mashariki mfenesi hustawi Unguja, Pemba, Tanga na Uganda. Bangladesh imelifanya fenesi tunda lake la taifa.