Wahenga na Maghorofa



Mwaka 1791, nchini Korea, Mwenye Heri Paulo Yun Ji-chung alikatwa kichwa: mama yake alipofariki, alikataa kumfanyia matambiko ya wahenga yaliyokatazwa na Kanisa. Mwaka 1939, Roma iliwaruhusu Wakatoliki wa China kuinama mbele ya picha za marehemu wao. Baadaye Wakorea nao wakaruhusiwa. Leo Korea Kusini ni nchi ya viwanda na maghorofa, lakini sikukuu ya Chuseok ifikapo, watu humiminika makwao, na Wakatoliki huwaombea marehemu katika Misa.

Je, Paulo alikufa bure? La hasha! Alishuhudia kwamba Mungu ni wa kwanza. Nalo Kanisa likatambua kwamba kumheshimu mzazi si kumwabudu. Maendeleo yasitunyang’anye hata moja.

Tumsifu Yesu Kristo.