Tanuri Lililozimika Buhaya

Historia ya viwanda nchini husimuliwa kana kwamba ilianza na ukoloni. Ardhi ya Kemondo, katika njia ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, inasema vinginevyo: wanaakiolojia wamefukua humo mashimo ya matanuri na mavi ya chuma ya zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Mafundi wa Kihaya walichoma majani ya kinamasi ndani ya shimo, wakajenga tanuri juu yake, kisha wakavukuta hewa kwa mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya moto. Mwanzoni mwa karne ya 20, chuma na majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yaliwanyang'anya soko. Matanuri yakazimika, na ujuzi ukabaki vichwani mwa wachache waliokuwa vijana wakati huo.

Katika miaka ya 1970, vijana hao wakiwa wazee, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wayeyushe chuma tena. Ilibidi wajaribu zaidi ya mara moja. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Wataalamu wamebishana kuhusu namna hewa ilivyopata joto mirijani. Kwamba chuma kilipatikana, hakuna anayebisha.

Wapangaji wa sera wazingatie hili. Bidhaa ya nje inapoifuta ya ndani, ujuzi wa fundi nao huanza kufa. Wajibu wa dola ni kuuhifadhi fundi angali hai. Buhaya iliokolewa na umri mrefu wa wazee wake, na hiyo ilikuwa bahati tu.