Huyu si mimi: Bibi, pua yake, na historia ya lenzi ya sura

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii wamesikia nikichekwa kwa sababu nilitumia miezi mitatu kuchagua lenzi moja. Sawa, chekeni. Lakini hewani sikupata nafasi ya kueleza kwa nini, na kisa chenyewe kina historia ndefu kuliko nilivyotegemea. Basi nakieleza hapa.

Mwezi wa 12 nilikwenda Maskati kumwona Bibi. Anakaa kwa Mama Mdogo, ameshapita miaka 80. Nikatoa simu, nikasogea karibu, nikampiga picha. Akavaa miwani, akaangalia, akanirudishia.

"Huyu si mimi."

Nikamtania, nikamwambia Bibi, umezeeka tu. Akanijibu, "Mume wangu, uzee naujua, nauona kwenye kioo kila siku. Hii pua si yangu."

Halafu akamtuma Mama Mdogo kabatini, ikaletwa bahasha. Ndani mna picha moja ya mama yake, imepigwa studio Unguja, nyeusi na nyeupe, pembe zimelika. Nyuma mhuri umefutika. Walipoondoka 1964, Bibi alikuwa binti, na katika vitu vyote vya nyumba ile, picha hiyo ndiyo iliyofika. Akasema, "Huyu ndiye mama. Ukimtazama unamjua." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Siku nikifa msije mkatoa ile ya simu."

Hapo nikaacha utani. Niliporudi Uingereza nikaanza kusoma.

Bibi alikuwa sahihi

Kwanza tumalize kesi ya pua. Pua iko mbele ya sikio kwa kama sentimita 12. Lenzi kuu ya simu inaona eneo pana, kwa hiyo ili uso ujae kwenye picha lazima usogee, tuseme sentimita 40. Pua iko 40, sikio liko 52. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa zaidi, na hapa pua inakuzwa kwa asilimia 30 ukilinganisha na sikio. Ukirudi nyuma mpaka mita 2, pua iko 200 na sikio 212. Tofauti ni asilimia 6 tu.

Yaani kinachobadilisha sura ya mtu si lenzi. Ni umbali. Lenzi ndefu kazi yake ni kukuruhusu usimame mbali na bado uso ujae kwenye fremu. Mama yake Bibi alipigwa na mtu aliyesimama hatua kadhaa nyuma, na kamera kubwa yenye lenzi ndefu. Ndiyo maana "ukimtazama unamjua".

Mwalimu wa hesabu wa Vienna

Sasa twende nyuma kabisa. Mwaka 1839 Ufaransa ilitangaza uvumbuzi wa Louis Daguerre: picha kwenye sahani ya shaba iliyopakwa fedha. Dunia ikashangaa, lakini watu hawakupigika vizuri. Lenzi ya kamera ile, iliyotengenezwa na Charles Chevalier, ilikuwa na tundu dogo, kama f/15. (Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi.) Ilibidi ukae bila kutikisika kwa dakika kadhaa juani. Jengo linaweza. Mtu, hasa mtoto, hawezi.

Aliyetatua tatizo hakuwa mpiga picha. Ni Joseph Petzval, profesa wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Vienna, aliyezaliwa 1807 kwenye mji ambao leo uko Slovakia. Kabla yake watengeneza lenzi walisugua kioo, wakajaribu, wakasugua tena. Petzval alikaa mezani akapiga hesabu ya njia ya mwanga kabla ya kioo chochote kukatwa. Inasimuliwa kwamba jeshi lilimwazima askari wa mizinga wamsaidie, kwa kuwa wao ndio waliozoea kupiga hesabu nyingi kwa haraka. Kompyuta yake ilikuwa watu.

Mwaka 1840 mchoro ukawa tayari, na Voigtländer wa hapohapo Vienna akatengeneza lenzi. Urefu wake ulikuwa kama milimita 150, tundu f/3.6. Ukipiga hesabu, mwanga unaoingia ni zaidi ya mara 15 ya lenzi ya Chevalier. Wataalamu wa kemia nao wakaongeza wepesi wa sahani, na dakika zikawa sekunde. Mtu wa kawaida akaweza kukaa kitini na kutoka na sura yake.

Lenzi ile ilikuwa na kasoro moja: katikati ilikuwa kali kabisa, pembeni ilififia na kuzunguka kama maji. Kwa picha ya jengo hiyo ni hasara. Kwa uso ni faida, maana jicho lako linakwenda moja kwa moja kwa mtu. Kile kififio cha nyuma tunachokilipia pesa nyingi leo, Petzval alikitoa bure mwaka 1840.

Yeye mwenyewe hakufaidi sana. Alilipwa mara moja tu, Voigtländer akaendelea kuuza, wengine wakaiga, na wawili hao wakagombana vibaya. Petzval alikufa 1891. Lenzi yake ilikuwa imeshaenea kwenye studio za dunia nzima.

Inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja 1866 na akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Ile picha yake maarufu, akiwa amevaa nguo za kwao, ilipigwa studio Hamburg. Nikiitazama nafikiria: huyu ni mtu wetu wa mwanzo mwanzo aliyekaa ughaibuni mbele ya kamera akataka aonekane yeye, si kama wenyeji wanavyomtaka. Si ndiyo kazi tunayoifanya hapa kila wiki?

Na kabla ya karne ya 19 kwisha, Unguja yenyewe ilikuwa na studio zake, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho, watu wenye asili ya Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, na 1942 N. V. Parekh akafungua yake Mombasa. Ukiwa na bahasha ya picha za zamani nyumbani, iangalie vizuri. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mabibi na mababu zako walikaa mbele ya mmoja wa watu hawa au wenzao.

Namba 85 ilitoka wapi?

Mkiuliza leo lenzi ya sura, kila mtu atawaambia 85. Kwa nini 85?

Jibu ni filamu. Mwaka 1925 Leica ilianza kuuzwa, kamera ndogo yenye fremu ya milimita 24 kwa 36. Fremu ikipungua, lenzi nayo inafupika ili kupata mtazamo uleule. Miaka ya 1930 Ludwig Bertele wa Zeiss akachora Sonnar ya 85 mm, f/2, kwa ajili ya kamera ya Contax. Umbali wa studio ukaingia mfukoni.

Halafu likatokea jambo ninalolipenda. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alikuwa Tokyo. Kijana wa Kijapani, Jun Miki, akampiga picha kwa Nikkor ya 85 mm f/2. Wakati huo bidhaa za Japani zilidharauliwa, zilionekana za kuiga tu. Duncan alipoiona ile picha, akataka kwenda kiwandani. Akazipima lenzi, akazifunga kwenye Leica zake, na vita vya Korea vilipoanza mwezi wa 6 akaenda nazo. Wahariri wa New York wakashangaa ukali wa picha. Kwa hiyo jina la Nikon lilianza kukua nje kwa sababu ya picha ya sura, iliyopigwa kwa 85.

Kioo kinaondolewa

Kamera zilizotawala baadaye zilikuwa na kioo ndani, kinachopeleka picha kwenye jicho lako, kisha kinaruka juu unapobonyeza. Mwaka 2008 Panasonic ikatoa Lumix G1 isiyo na kioo hicho, na 2013 Sony ikaleta A7 yenye kihisi kikubwa kama fremu ya filamu. (Kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga.)

Kwa picha za sura mabadiliko ni mawili. La kwanza, kamera inasoma picha moja kwa moja kwenye kihisi, kwa hiyo inaweza kulitafuta jicho la mtu na kulishika. La pili, lenzi imesogea karibu na kihisi: kwa Sony milimita 18, ambapo kwa kamera za zamani za Nikon ilikuwa 46.5. Ile nafasi inayobaki unaweza kuijaza kwa adapta, ukafunga lenzi ya zamani ya aina karibu yoyote.

Hapo ndipo Ami akaingia. Alikuwa na lenzi ya 50 mm ya enzi za filamu, akaniazima. Kamera yangu ina kihisi kidogo, unazidisha kwa 1.5, kwa hiyo 50 inakuwa kama 75. Nikajaribu kwa Mama. Lenzi nzuri, lakini fokasi ni ya mkono, na Mama hanyamazi. Katika picha 20, kali zilikuwa 3. Na Bibi ndiye mama yake Mama, kwa kuongea ndiye mwalimu wake.

Nilivyochagua

Kwa kamera yangu nilikuwa na njia tatu za lenzi isiyo na zumu: 35, 56 na 85. Kwenye kihisi kidogo zinakuwa kama 52, 84 na 127. Nikapiga hesabu, nikitaka picha ya kichwa na mabega mpaka kifuani:

35 mm: nasimama mita 1.25. Pua inazidi kwa asilimia 10.
56 mm: nasimama mita 2. Asilimia 6.
85 mm: nasimama mita 3. Asilimia 4.

Kwa karatasi, 85 ndiyo mshindi. Lakini nikampigia Mama Mdogo nikamwomba apime sebule. Mita 3 na nusu kutoka ukuta hadi ukuta. Toa kiti cha Bibi, nitoe na mimi, mita 3 hakuna. Na kuna jambo jingine ambalo hesabu haisemi: Bibi hasikii vizuri siku hizi. Ukiwa mita 3 lazima upaze sauti, na mtu anayepigiwa kelele hutoa sura ya mtu anayepigiwa kelele. Mita 2 ni umbali wa maongezi.

Basi nikanunua 56 ya f/1.4, imetumika. Tundu likifunguka lote lina upana wa milimita 40, kwa hiyo mwanga wa dirisha unatosha na sihitaji flashi. Hilo halikuwa dogo kwangu. Filamu za rangi kwa miaka mingi zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zilitoka kama kivuli, au zinang'aa kwa flashi. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako 1948, alipiga picha zake nyingi kwa mwanga wa jua uani, na tazameni ngozi za watu wake zilivyotoka. Tangu zamani mwanga laini ulikuwa rafiki yetu.

Onyo moja kwa mnaotaka kununua. Kwa f/1.4 kutoka mita 2, sehemu iliyo kali ina kina cha kama sentimita 7. Jicho litakuwa kali, sikio na ushungi vitafifia. Nilitaka ushungi wa Bibi uonekane, kwa hiyo nikafunga hadi f/2.8, kina kikawa kama 14. Usilipie f/1.4 ukadhani lazima uitumie kila saa.

Mwezi wa 3

Nilirudi Maskati. Shikamoo, marahaba, kahawa, halua. Nikamweka Bibi karibu na dirisha la kaskazini, nikarudi mita 2. Akauliza, "Mbona umekwenda mbali hivyo, unaniogopa?" Nikamwambia ndivyo walivyofanya wa studio. Nikamwomba anieleze habari za mama yake. Akaanza na ile siku ya picha: mama yake aliazima bangili za jirani, na alikataa kuzirudisha mpaka picha ifike. Sikuwahi kuisikia. Tukaongea kama saa nzima, nami nabonyeza kidogo kidogo.

Nilipomwonyesha, akavaa miwani. Akatazama muda mrefu. Akamwita Mama Mdogo aje na bahasha, akaweka picha ya mama yake kando ya kamera, akawa anaangalia huku na huku.

"Nimefanana naye," akasema. "Sikujua."

Picha ile nimeichapisha mbili. Moja iko ndani ya bahasha, pamoja na ile ya Unguja. Ya pili ninayo mimi, na nyuma nimeandika kwa kalamu jina lake, mahali na tarehe, maana mihuri hufutika.

Wiki ijayo tunataka kusikia kutoka kwenu: nani kwenye familia yako hana picha hata moja ambayo yeye mwenyewe anakubali kuwa ni yeye? Nenda kamuulize. Kama huna lenzi, simu inatosha: rudi nyuma mita 2, halafu ikate picha uso ubaki. Pua itakuwa yake.