Teke la bunduki: juu ya nini wawindaji wa koyoti Marekani wanapenda kartushi ndogo

Koyoti ni mnyama wa jamii ya mbwa. Anafanana na bweha wa Afrika, na uzito wake ni kilo 10 hadi 20 hivi. Anapatikana kuanzia Alaska mpaka Panama. Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi katika majimbo ya Marekani kama Idaho, Iowa na Texas wanaishi katika inchi yake, na wengine wanamusikia akilia usiku.

Kwa mfugaji wa kule, koyoti ni adui wa kondoo na ndama, jambo ambalo mfugaji wa Masisi ao wa Minembwe anaweza kuelewa bila kuelezwa sana. Katika majimbo mengi ya Marekani anawindwa mwaka muzima. Lakini ni mnyama mwenye akili: anasikia mbali, ananusa mbali, na akishuku kitu hakaribii. Ndiyo maana wawindaji wengi wanampiga kutoka meta 200, 300, hata 400.

Kwa umbali huo, jambo moja linazungumzwa sana kati yao: teke la bunduki, yaani ule msukumo unaopiga bega wakati risasi inatoka.

Teke linatoka wapi

Kartushi iko na sehemu ine: ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi. Baruti inapoungua inakuwa gesi yenye nguvu, na gesi hiyo inasukuma kichwa mbele. Kufwatana na kanuni ya Isaac Newton, kitu kinachosukumwa mbele kinarudisha msukumo sawa nyuma. Bunduki inarudi, na bega linapokea.

Mambo ine yanaongeza ao kupunguza teke: uzito wa kichwa cha risasi, mbio yake, wingi wa baruti, na uzito wa bunduki yenyewe. Baruti wengi wanaisahau, lakini gesi inayotoka nyuma ya risasi iko na uzito wake, na inatoka kwa mbio kubwa kuliko risasi.

Kartushi sita, bunduki moja

Kwa kulinganisha vizuri, bunduki lazima iwe moja. Hesabu zifuatazo ni makadirio kwa bunduki ya kilo 4 pamoja na darubini yake. Nguvu inapimwa kwa jule. Jule 10 ni karibu sawa na pakiti ya sukari ya kilo moja inayoanguka kutoka urefu wa meta moja.

– .223 Remington, kichwa cha gramu 3,6: karibu jule 4. Ni ndugu ya risasi ya 5,56 ya majeshi ya OTAN.

– .22-250 Remington, kichwa cha uzito uleule lakini baruti nyingi zaidi: karibu jule 6. Remington iliiingiza sokoni mwaka 1965, na wawindaji wa koyoti wanaipenda sababu ya mbio yake, zaidi ya meta 1.100 kwa sekunde.

– .243 Winchester ya mwaka 1955, kichwa cha gramu 5,2: jule 9 hadi 10.

– 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, kichwa cha gramu 9: karibu jule 14.

– .308 Winchester ya mwaka 1952, kichwa cha gramu 9,7: jule 17 hadi 18.

– .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, kichwa cha gramu 11,7: karibu jule 32.

Kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, teke linazidishwa mara nane. Na koyoti ni yuleyule, wa kilo 15. Kartushi ya .300 ilikusudiwa wanyama wakubwa. Kwa koyoti inaharibu ngozi bure, inakula pesa, na inamuchosha mwenye kupiga.

Bega na jicho

Mwanaume mwenye nguvu anaweza kusema jule 18 si kitu. Ni kweli, bega lake halitavunjika. Shida iko kwenye jicho.

Kwa kupiga mbali, mwindaji anatumia darubini inayokuza sana. Teke likiwa kubwa, bunduki inaruka na mnyama anapotea kabisa ndani ya kioo. Bunduki ikitulia, mwindaji hajui tena: amepiga? Amekosa? Risasi ilipita kushoto ao kulia? Akiwa na .223 ao .22-250, mara nyingi anaona mwenyewe mahali risasi imetua. Kama mnyama ameumia bila kufa, anaweza kumaliza kazi mara moja, mnyama asiende kufa polepole porini.

Kuko pia woga. Mtu aliyepigwa teke mara nyingi anaanza kulingojea. Anafumba macho na kuvuta kifyatulio kwa nguvu, na bunduki inasogea kabla risasi haijatoka. Kusogea kidogo sana kwenye mtutu kunakuwa sentimita nyingi kule meta 300. Hata mpigaji wa siku nyingi anaweza kupata ugonjwa huo. Dawa yake inajulikana: rafiki anachanganya kartushi za mazoezi zisizo na baruti kati ya zile za kweli, bila kumwambia mpigaji. Ikifika ile tupu, bunduki hailii, na kila mtu anaona namna mkono ulivyoruka. Kisha anarudi kwenye kartushi ndogo mpaka woga utoke.

Upepo nao unadai haki yake

Kama teke lingekuwa jambo la pekee, kila mtu angenunua .223 na maneno yangeisha. Lakini kichwa chepesi kinabebwa na upepo. Upepo wa kilometa 16 kwa saa ukivuma kutoka pembeni, risasi nyepesi ya .223 inasogezwa karibu sentimita 25 kabla ya kufika meta 275. Risasi ndefu na nzito ya 6.5 Creedmoor inasogezwa karibu nusu ya hapo. Na sehemu ya koyoti ambayo ikipigwa anakufa papo hapo, yaani moyo na mapafu, si kubwa kuliko kisahani cha kikombe cha chai.

Hivyo kila mtu anapima kwa mazingira yake. Kwenye miti na vilima, ambapo mnyama anatokea meta 150, .223 inatosha kabisa. Kwenye tambarare zenye upepo, wengi wanaenda .22-250 ao .243. Anayechagua 6.5 Creedmoor anapata risasi inayovumilia upepo, lakini analipa kwa teke la zaidi ya mara tatu.

Namna ya kupunguza teke

Njia ya kwanza ni uzito. Kartushi ileile ya .223 inayotoa jule 4 katika bunduki ya kilo 4, inatoa zaidi ya jule 5 katika bunduki ya kilo 3. Lakini anayetembea siku nzima anajua kilo moja ya ziada ni nini.

Njia ya pili ni mpira kwenye kitako. Haupunguzi nguvu yote, unaigawa kwa muda mrefu kidogo, na bega linapumua.

Njia ya tatu ni kifaa chenye matundu kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu na kupeleka gesi pembeni. Kinapunguza teke sana. Ubaya wake ni sauti: inamrudia mpigaji na jirani yake. Mlio wa bunduki bila kifaa hicho tayari unapita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa mara moja tu. Kuziba masikio hapo si mapenzi ya mtu, ni lazima. Kizuia-sauti kinapunguza teke na mlio pamoja, lakini Marekani kimewekwa chini ya sheria maalum tangu mwaka 1934, na kuna majimbo yanayokikataza kwa raia.

Risasi iliyokosa inaenda wapi

Watu wa mashariki ya Kongo hawana haja ya kufundishwa kwamba risasi iliyopotea inaua. Hata ile ndogo ya .223 inaweza kusafiri zaidi ya kilometa 2, na ya .308 zaidi ya kilometa 3. Ndiyo sababu mafunzo ya uwindaji Marekani yanarudilia sheria moja: usipige kama hujui kuko nini nyuma ya mnyama. Koyoti akisimama juu ya kilima, na mbingu tupu nyuma yake, hapigwi, hata kama ameua kondoo kumi. Mpigaji anayefumba macho sababu ya woga wa teke hana uwezo wa kuheshimu sheria hiyo.

Uwindaji wenyewe unaleta mabishano. California ilikataza zawadi kwa mashindano ya kuua koyoti mwaka 2014, na Vermont ikakataza mashindano hayo mwaka 2018. Wafugaji wengi wanasema bila bunduki wangefilisika. Wapinzani wao wanajibu kwamba mbwa wa kulinda kondoo na nyua nzuri vinasaidia zaidi, sababu koyoti wanaouawa nafasi yao inajazwa upesi na wengine.

Juu ya teke, mabishano ni madogo. Kwa anayewinda koyoti mbali, kartushi nzuri ni ile ndogo kuliko zote inayoweza kumuua mnyama mara moja kwa umbali huo na upepo huo. Ikizidi hapo, inabaki mzigo wa bega, na mnyama ao jirani anaweza kuulipa.